Wimbo wa Mwisho Kwenye Kanda ya Pili

Nikiulizwa ni siku gani ya ujana wangu naikumbuka kuliko zote, mwanangu, nitaitaja ile niliyokwenda Kabuku kwa bibi yangu nimebeba redio kaseti begani, na rafiki yangu Elia akinifuata nyuma na kanda mbili mfukoni. Nakusimulia leo kwa sababu juzi ulikuja hapa dukani kwangu Korogwe ukaniambia unataka kutoa albamu yenye sehemu mbili kwa mpigo. Wenzako wanakucheka, wanasema siku hizi watu wanasikiliza wimbo mmoja kwenye simu, tena nusu. Ukaniuliza, mama, niitoe au niiache? Nikakukaribisha chai tu. Jibu lake refu kidogo, halikufaa kutolewa wateja wakiwa wanapima vitenge.

Sikukuzaa, na wewe umenikuta nikiwa mama wa vitenge. Zamani nilikuwa nachana, yaani naimba rap. Usicheke. Mimi na Elia tulijulikana shule nzima. Babu yake Elia alitoka Songea kuja kukata mkonge, akazaa huku, akazikwa huku. Mimi ni Mzigua wa Handeni, na nyumbani tulikuwa Waislamu wa kufunga na kuswali, wakati Elia alikuwa anaimba kwaya kila Jumapili. Yeye alikuwa fundi wa vina, alikuwa anapata kina kabla hujamaliza kusema neno lako. Mimi nilikuwa na sauti nzito, ya mtu mzima, ambayo watu walishangaa kuisikia ikitoka kwa msichana mwembamba.

Siku hizo muuza kanda mmoja wa stendi ya Korogwe, tulikokuwa tunasoma, alileta kasha lenye kanda mbili za mchanaji wa Marekani. Tulikuwa hatujawahi kuona kitu kama hicho, albamu moja imegawanywa kanda mbili. Tuliisikiliza mpaka utepe ukaanza kulia kama paka. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, lakini tulielewa. Kwenye kanda ya kwanza yule bwana alikuwa anatamba na kucheza. Kwenye ya pili sauti inashuka, anawataja waliokufa, anaogopa, anatubu. Sisi watoto wa kandokando ya mashamba ya mkonge tulizoea kupimiwa kila kitu, sukari kwa kijiko, mafuta ya taa kwa kibaba. Kumbe kuna mtu ana maneno mengi mpaka kanda moja haimtoshi. Tuliuona ule kuwa ni ukarimu.

Basi ugonjwa ukaenea. Kila kijana aliyejua kushika kipaza sauti, kuanzia Mombo mpaka Kabuku, akataka kutoa kanda mbili. Mwenye kanda moja alionekana bado mwanafunzi. Watu wakawa wanavuta nyimbo kama ubani wa kutafuna, kiitikio kinarudiwa mpaka unasahau ubeti ulisema nini. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu, na mwaka ule madebe yalivuma sana.

Na sisi hatukubaki nyuma. Studio yetu ilikuwa chumba nyuma ya saluni, kuta zimebandikwa vipande vya magodoro. Tuliimba kila kilichotujia. Mchagua jembe si mkulima, ndivyo tulivyojipa moyo. Elia akileta wimbo dhaifu, namsifu. Mimi nikileta wa hovyo, ananisifu. Tulipendana kama ndugu wa tumbo moja, na tulidhani kupendana ni kukubaliana.

Katika nyimbo zile kulikuwa na mmoja niliouandika peke yangu. Mama yangu alifariki mimi bado nanyonya. Nililelewa na bibi, mama yake mama, pale Kabuku. Baba alikuwa dereva wa lori. Alikuwa anapita, analeta sukari na nguo ya sikukuu, anauliza habari za masomo, anaondoka. Jina la mama halikutajwa na yeyote kati yao. Hata sura yake sikuijua, maana hakuwa na picha. Kwa hiyo wimbo wangu ulikuwa wa maswali matupu. Ulianza hivi:

Mama, ulikuwa ukicheka vipi, kwa sauti au kwa soni?
Nauliza waliobaki, wananitazama usoni.

Fundi wa studio aliusikia akasema, "Mzuri, dada, lakini unalegeza. Watu wanataka makali." Nikaona haya. Nikauweka mwisho kabisa, kanda ya pili, upande wa pili, pale ambapo utepe unakaribia kuisha. Elia aliniona nikifanya hivyo. Hakusema kitu.

Kabla ya kumpelekea muuza kanda, Elia akashauri twende kwanza tukapate baraka kwa bibi. Tulimkuta uani na ungo wa mahindi mbele yake, anapukuchua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Hilo liredio ni la nani?"

Nikamweleza. Nilitegemea atasikiliza wimbo mmoja, atatuambia vizuri, halafu atupe chakula. Bibi akavuta kigoda karibu na redio. "Haya, tieni. Mikono ina kazi, masikio hayana."

Akasikiliza yote. Elia akawa anageuza upande, anabadilisha kanda, na bibi anapukuchua tu, magunzi yanarundikana miguuni pake. Ilipofika adhuhuri akaenda kuswali, akarudi, akasema tuendelee. Sisi wenyewe tulishachoka. Katikati ya kanda ya pili Elia alijifanya anakwenda kutafuta machungwa barabarani, akakawia huko. Mimi nilitamani kubonyeza kitufe cha kupeleka mbele, nikamwogopa bibi.

Elia alirudi wimbo wa mwisho ukianza. Nikaona mikono ya bibi imesimama. Gunzi lilikuwa nusu, na punje zimo bado kwenye kiganja chake. Akabaki hivyo mpaka redio ikajizima.

"Elia, mwanangu, nirudishie huo."

Elia akarudisha. Ulipokwisha akasema tena, "Nirudishie." Halafu akajifuta uso kwa pembe ya kanga.

"Hawa, mjukuu wangu, huyu uliyemuimba ni mwanangu."

"Ndiyo, bibi."

"Mbona umemweka huku?"

Nikasema tu kwamba hata yule wa Marekani ana kanda mbili, na mambo ya huzuni ameyaweka kanda ya pili.

Ungedhani atambeza yule bwana. Hakumbeza. "Huenda yeye alikuwa na ya kuzijaza zote mbili. Mimi simjui. Ninyi nawajua. Nimekaa hapa tangu asubuhi. Nimesikia mkisifu viatu. Nimesikia mkiwasema watu ambao hawajawakosea. Nimesikia wimbo wa gari, na gari hamna. Nimekaa kwa sababu wewe ni mjukuu wangu. Mtu wa kupita angekaa mpaka hapa? Mwanangu nilimzika mara moja, Hawa. Wewe umemfukia tena chini ya pumba."

Aliyasema taratibu, bila kupandisha sauti, kama anavyokuambia ufunge mlango kuku wasiingie. Kisha akamgeukia Elia.

"Na wewe. Ulijua kwamba huu ndio wimbo?"

Elia akatazama chini. "Nilijua, bibi."

"Ukanyamaza."

"Ningesema huu ndio mzuri, ingekuwa nimesema ile mingine mibaya. Na mingi niliandika mimi."

Bibi akamtazama kwa huruma. Alimpenda sana Elia. "Basi ninyi hamjapendana bado, mnaoneana haya tu. Mficha uchi hazai. Nendeni mkaambiane ukweli, halafu mrudi mle. Ugali utawangoja."

Tulitoka tukaenda kukaa kwenye gogo kando ya barabara kuu, malori yanapita, vumbi linatuingia mdomoni. Nilimkasirikia Elia. Nilimuuliza kwa nini aliniacha niufukie wimbo wa mama yangu naye anaona. Hakujitetea. Akachukua kalamu, akalifungua kasha la kanda zetu, akaanza kukata nyimbo zake mwenyewe kwenye karatasi ya majina. Wa viatu, akaukata. Wa gari, akaukata. Alipofika kwenye mmoja niliouandika mimi na kuupenda mno, akanitazama, akasema, "Huu nao, Hawa. Una sauti tu, hauna neno." Mwanangu, uliniuma. Halafu nikajiimbia moyoni ubeti wa kwanza, nikaona ni kweli. Nikachukua kalamu nikaukata mwenyewe, kisha nikamwonyesha wa kwake mwingine aliokuwa ameuruka. Tukaishia kucheka mpaka wauza machungwa wakatugeukia.

Ikabaki kanda moja, na wimbo wa mama ukawa wa kwanza. Fundi wa studio alinung'unika kwamba tunajiua kisoko. Tukamwacha anung'unike.

Hatukupata utajiri. Kanda ilizunguka Korogwe, ikafika Handeni, ikapigwa kwenye mabasi na kwenye migahawa ya Segera, pale njia za Tanga, Arusha na Dar zinapokutana. Na hapo Segera ndipo baba yangu alipoisikia. Alikuwa amesimamisha lori ale, atie maji kwenye rejeta, aendelee Dar. Nilisimuliwa baadaye kwamba aliacha chakula mezani, akamwendea mwenye mgahawa, akaomba apigiwe tena ule wimbo.

Mimi nilikuwa Kabuku, namsaidia bibi kuanika mihogo. Tukasikia lori linapinda kuingia kwetu. Baba akashuka, akaja mpaka uani, akasimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," akasema. Halafu, bila kuuliza masomo wala afya, akasema, "Alikuwa anacheka kwa sauti."

Sikuelewa.

"Mama yako. Si umeuliza?"

Bibi alikuwa ameinama na mihogo yake. Akasema bila kuinuka, "Kwa sauti, ndiyo. Majirani walikuwa wanajua kama yupo nyumbani au hayupo."

Baba akaketi chini, na suruali yake ya safari, kwenye mkeka wa mihogo. Wakaanza. Mmoja akisema hili, mwenzake anasahihisha. Kwamba mama alikuwa anazidisha chumvi na hakubali akiambiwa. Kwamba alikuwa mwoga wa vyura. Kwamba alikuwa anaimba akienda kisimani, na maneno ya wimbo hayajui, anajitungia yake. Baba aliposema hilo akashindwa kuendelea, na bibi akamsogezea kikombe cha maji. Miaka yote ile, kumbe kila mmoja alikuwa ananyamaza kwa ajili ya mwenzake, akiogopa kumtonesha. Nilikaa kati yao sisemi kitu, nisije nikawakatiza. Nilikuwa binti mzima wa kuolewa, na siku hiyo ndiyo nilikutana na mama yangu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo swali lako lilipo. Kanda ya pili ilikuja. Haikuja mwaka ule, wala uliofuata. Ilikuja Elia akiwa mwalimu Handeni na mimi nikiwa na mtoto mgongoni, kanda zenyewe zimeshapitwa na wakati, watu wanatumia sidii. Ya kwanza ilikuwa imeuliza, ya pili ikajibu. Elia aliandika juu ya babu yake aliyetoka Songea, mimi nikaandika vyura na chumvi na nyimbo za kisimani. Tukazitia zote mbili katika kasha moja. Bibi alikuwa ametangulia mbele ya haki. Baba aliisikiliza ndani ya lori lake, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akanipigia simu kunisahihisha kwamba mama hakuogopa vyura wadogo, ni wale wakubwa tu.

Kwa hiyo, mwanangu, sitakuambia usitoe albamu ya sehemu mbili. Yule wa ng'ambo alitufundisha kitu cha kweli, kwamba mtu ana pande zaidi ya moja na ana haki ya kuzionyesha zote. Kosa letu lilikuwa kuiga ukubwa wa nyumba yake bila kuuliza ndani wanaishi akina nani. Kama sehemu yako ya pili ina la kusema ambalo ya kwanza haikuliweza, itoe, na wanaocheka wacheke. Kama umeijaza kwa kuogopa kuchagua, subiri. Maisha yataijaza, hayajawahi kushindwa. Lile linalokutetemesha sauti usilifiche nyuma kwa kuona haya, maana msikilizaji wako ana safari zake, huenda akashuka njiani. Na mtafute rafiki wa kukukatia wimbo unaoupenda. Akikuuma, mvumilie, naye umkatie wake. Halafu kabla hujautangazia ulimwengu, wasikilizishe watu wa kwenu. Pengine jibu la wimbo wako liko kwao, wanangoja tu waulizwe.

Mwenyezi Mungu akulindie koo lako na akili yako. Akupe wenzako wasiokuonea haya, akufungulie midomo ya wazee wako wakiwa bado wapo, na kila utakayemtaja kwa wema katika mistari yako, aliye hai na aliyelala, amfikishie salamu. Nenda kaimbe, mwanangu. Nimekuridhia.