Bega la Marcelina na Sindano za Gloria

Marcelina wa Butiama alikuwa mwanamke wa jembe, si mtu wa kuomba kusaidiwa. Mwaka huu bega lake la kulia likaganda. Kujitwisha ndoo hawezi. Hata kufunga kitambaa kichwani mpaka amwite mtu. Aibu iliyoje!

Alianzia kwa fundi wa mifupa kule Mugeta. Mzee alimchua kwa samli, kisha akauvuta mkono mpaka Marcelina akaona nyota mchana kweupe. Bega likazidi kukaza. Dada yake Gloria wa Bunda, ambaye naye bega lilimganda, akamcheka kwenye simu.

"We endelea na samli yako! Mimi nachomwa sindano ya bega hapa duka la dawa. Jana nimechomwa tena, na mkono unafika kichwani. Ni kiu tu inanisumbuaga, nakunywa maji kama ng'ombe."

Basi Marcelina naye akaenda hospitali Musoma kuitaka sindano hiyohiyo.

"Sindano ipo, mama, inatuliza maumivu," daktari alimwambia. "Mazoezi yanalifungua bega, ila polepole. Kuvutwa kwa nguvu usirudie. Lakini kabla ya sindano tunapima sukari."

"Daktari, mimi nimeleta bega!"

Akatobolewa kidole hivyohivyo. Sukari ilikuwa juu mno. Marcelina akaduwaa, maana kwao hakuna aliyewahi kuambiwa ana kisukari. Daktari akamweleza kwamba mabega ya wenye kisukari huganda sana, na sindano ile huipandisha sukari zaidi. Asiyejijua anaweza kuendelea kuchomwa, akashikwa na kiu isiyoisha, mwisho akapoteza fahamu.

Kiu! Bega lake akalisahau palepale, akampigia Gloria. Simu ikapokelewa na Debora, binti wa Gloria.

"Shikamoo, mama mdogo. Mama amelala tangu asubuhi. Tukimwamsha anafumbua macho kidogo tu, hasemi."

"Mkimbizeni hospitali! Waambieni wampime sukari, sasa hivi!"

"Sawa, mama mdogo, lakini usiogope. Tumeona ameishiwa nguvu, tumemnunulia soda. Ya kwanza imeisha, hii ya pili tunamnywesha na kijiko."

"Mwageni!" Marcelina alipiga ukelele, foleni nzima ya wagonjwa ikasimama. "Debora, mwaga hiyo soda!"