Mihogo ya Nazi Getini

Waliokuwepo siku ile ni hawa: mie, mwenzangu niliyejuana naye palepale kwenye benchi la wageni, ambaye ndiye mama wa jambazi aliyevuma mjini kote, askari wa getini, na ndani ya ukuta, watoto wetu wawili, mahabusu wa kesi za mauaji. Majina yao ninayo yote kichwani. Siyaandiki.

Gereza lenyewe mnalijua, lile kubwa la tangu mkoloni. Wamepita mle wakubwa wa serikali na watu wa kutangazwa redioni. Wangu alikuwa fundi vitanda wa Keko, nani amtangaze?

Ilikuwa Ramadhani, Jumapili. Hukumu yake Jumatatu. Akishafungwa, chakula cha nyumbani basi tena. Nikaamka kabla ya daku nikampikia mihogo ya nazi, aje afuturu.

Sheria pale, aliyeleta chakula anakionja mbele ya askari.

"Onja, mama."

"Mwanangu, nimefunga."

"Hata mie nimefunga. Onja umeze, au urudi nayo."

Siku zote nilikuwaga napeleka chakula, ila mwezi ule ulinikuta na nadhiri: nifunge wote, nisile mchana hata siku moja, kwa ajili ya kesi ya mtoto. Nikasimama tu na hotpoti langu.

Mwenzangu, Mkristo wa bara huko, akanyanyuka. "Lete hapa. Nimeleta mie."

Askari akacheka. "Wewe si mama jambazi? Leo umekuwa mama fundi?"

"Leo ni mama yake mkubwa. Kwani wewe kwenu una mama mmoja?"

"Mtu mmoja anaona mtu mmoja, mama. Ukienda kwa huyu, wako humwoni."

"Wangu atamwona huyu."

Akaniangalia. Nikamsogezea hotpoti. Akafunua, akala vipande viwili, akameza, akaingia. Maharage ya mwanawe yakabaki benchini, maana nani wa kuyaonja?

Mie nikaingia kwa jambazi. Nilidhani nitakuta jitu. Kijana mwembamba, anajikuna shingo.

"Shikamoo mama. Wangu yuko wapi?"

"Marahaba. Kaenda kwa fundi."

"Kaniletea nini?"

"Maharage."

"Yameingia?"

"Hayajaingia."

Akacheka kidogo. "Haya. Mwambieni asimlilie mtoto wa watu. Yule analiaga."

Askari akapiga wavu kwa rungu, muda umekwisha.

Nje nikamuuliza mwenzangu, "Kasemaje?"

"Kaniuliza mama yuko wapi. Nikamwambia yupo nje, kafunga."

"Akasema nini?"

"Kalikumbatia hotpoti."

Akachukua maharage yake tukaondoka.

Kesho yake mwanangu akasomewa kifungo cha maisha, kwa kuua bila kukusudia. Nilisikiliza kama anasomewa mtu mwingine. Nikarudi nyumbani, nikafuta vumbi, jioni nikafuturu chai na maandazi. Mwezi nikaumaliza wote, sikula hata siku moja.

Yule jambazi alihamishiwa gereza la mikoani. Mama yake kafariki, tumemzika. Mie naendaga bado kumwona wangu, mikono mitupu. Tunaulizana hali. Ana mvi sasa. Siku ile hajawahi kuitaja, na mie sijamuuliza.

Mie mzee, na shule sikwenda sana, labda nimechanganya. Labda haikuwa mihogo, ilikuwa magimbi. Labda alikula vipande vitatu. Aliyekuwepo anisahihishe. Na kama kuna aliyekuwa karibu na wavu siku ile, akamsikia mwanangu akisema neno jingine ambalo mwenzangu hakuniambia, naomba anitafute aniambie. Hata kama ni baya.