Mkono Usioachia

Nikikupa mkono asubuhi yenye baridi, usitegemee kurudishiwa wako upesi. Vidole vyangu vikishajifunga hufunguka vinapotaka vyenyewe, kimoja kimoja, na wewe utasimama hapo ukichekacheka usijue utazame wapi. Siombi radhi. Niliomba vya kutosha nikiwa msichana, kwa kuuficha, na sitaomba tena.

Mkono huu niliurithi kwa baba. Alitoka Kisii miaka ya sitini kuja kuchuna majani chai Kericho, na kampuni ilimwandika kwa kumtazama tu: mabega ya dume la ng'ombe, mapaja yaliyojaa, shingo nene. Hakuna aliyejua kwamba mwili ule haukuwa na haraka ya kutii. Umande ukiwa bado juu ya michai, vidole vyake vilikamata majani vikakataa kuyaachia. Akiinuka ghafla kwenye kigoda, miguu ilikaza, akabaki amesimama pale pale. Ilimpasa afungue na kufunga, afungue na kufunga, mpaka misuli ipate moto na kulegea. Jua likishapanda hakuna aliyemshinda kwenye mstari.

Kwa hiyo kila alfajiri alichutama karibu na moto akikunja ngumi na kukunjua mpaka chai ichemke. Nami nilichutama kando yake nikifanya vivyo hivyo. Mama hakupenda kutuona.

"Huo mkono ni wa hapa nyumbani," aliniambia. "Huko nje nani atatoa ng'ombe kwa msichana asiyeweza kuachilia kijiko?"

Basi nikawa nasalimia watu kwa kuinamisha kichwa, mikono ndani ya leso niliyojifunga, na majirani wakanisifu kwa adabu. Mimi na adabu, wapi na wapi!

Nyapara wetu, mtu wa upande wa Kapsoit, hakuamini ugonjwa usio na kidonda. "Mwili kama trakta, kazi kama kuku!" alimpigia baba kelele asubuhi. Baba aliendelea kukunja na kukunjua vidole. Mimi nilimchukia nyapara huyo kwa niaba ya baba.

Kisha akaja meneja mpya, Mzungu kijana, akataka kumpa kila mfanyakazi mkono. Jambo hilo hatukuwahi kuliona. Alipita kwenye mizani ya kupimia chai mapema, ukungu haujainuka, na baba, kwa furaha ya kuheshimiwa, akasahau mkono wake. Akaushika wa meneja. Meneja akavuta, wapi!

"Ngoja, bwana, itafunguka tu," baba akasema.

Meneja akavuta tena, kofia ikaanguka, watu wakacheka. Nyapara akampiga baba fimbo kwenye kiwiko. Vidole vilipofunguka, baba hakuwa na kazi. Na nyumba yetu ya laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, ilikuwa ya kampuni, kazi ikienda nayo inaenda. Tulipewa mpaka mwisho wa mwezi uliofuata tutoke, na kwetu Kisii shamba lilikuwa limekwisha kugawanywa. Baba aliposema ni ugonjwa, meneja alimjibu alete neno la daktari.

Tulikwenda naye hospitali ya misheni, mbele ya Silibwet. Daktari alichukua nyundo ndogo ya mpira akamgonga penye nyama ya kidole gumba. Kidole kikajikunja hadi kiganjani kikakaa huko, na nyama ikasimama tuta. Daktari alifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Alisema misuli ya baba inajua kukaza, haijui kulegea, na kwamba jambo hilo hupita katika damu. Akaomba kipande cha nyama ya mkono wake kipelekwe Nairobi kikaangaliwe kwa hadubini.

"Chukua," baba akasema. "Lakini waambie ni ya mtu, wasije wakaipika."

Jibu liliporudi, daktari alituita akatueleza bila kutuficha. Kuna magonjwa yanayokula misuli yakabakiza mafuta na makovu, alisema, na hayo huonekana. Nyama ya baba ilikuwa safi, nyuzi nene, nyama ambayo mtu angeitamani. Ugonjwa upo, ila haujiandiki kwenye nyama. Alimtumia meneja neno hilo, naye akasikia nusu aliyoitaka.

"Nyama yako mzuri sana," alimwambia baba. "Wewe hapana gonjwa. Wewe kiburi."

Siku ya mwisho baba aliitwa kwenye mizani arudishe kikapu na aproni. Nilimbebea aproni. Wachunaji walikuwa wamejipanga kwenye baridi, mama kati yao. Sikumsalimu meneja, nilimkodolea macho, na nyapara akaniona.

"Angalia hiyo macho! Mtoto ya nyoka ni nyoka."

Nikasema moyoni, ndiyo. Hapo ndipo umesema kweli. Nikatoa mkono ndani ya leso. Mama aliuona akaniita kwa Kikisii nirudi, lakini nilikuwa nimeshafika mbele ya meneja.

"Jambo, bwana. Nisalimie."

Akanipa mkono, maana alikuwa na heshima zake. Nikaukamata kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, vidole vikajifunga. Akavuta.

"Vuta," nikamwambia. "Vuta tena, bwana. Hata mimi niko na kiburi?"

Hakuna aliyecheka. Wanawake wenye wavulana wa kuoa walikuwa wananitazama mkono, nami nilijua wanahesabu nini. Niliwaacha waone. Meneja aliacha kuvuta. Aliangalia vidole vyangu vikifunguka kwa taabu, kisha akaangalia mkono wa baba, na uso wake ukawa mwekundu. Akamwambia nyapara mzee huyu aanze kesho kiwandani, kwa mashine za kukausha, penye joto. Hakumwomba baba msamaha. Mpaka leo sijamsamehe hilo.

Tulipoondoka, baba aliniambia polepole, "Umejiharibia, mama."

"Sijaharibika," nikajibu. "Ni mkono wako."

Baba hakuwa mtu wa kushika mtoto mkono mbele ya watu. Siku ile aliushika wangu, nami nikaushika wake, na kwa baridi ile mikono yote miwili ikajifunga. Tulipita laini nzima hivyo, mlango baada ya mlango, watu wametoka nje kutazama. Mama alikuwa ametutangulia, amekasirika, mwendo wa haraka bila kugeuka. Alifika, akafungua mlango, akatuangalia mikono.

"Ingieni hivyo hivyo," akasema.