Tope la Bahari Mjini Gitega

Habari ya kifo ilinikuta shuleni Mushasha, nikisahihisha madaftari ya wanafunzi. Aliyenipigia simu alikuwa mpishi wa nyumba moja ya wageni mtaani Nyamugari, na maneno yake yalikuwa machache: «Mwalimu, Mama Samaki ametutoka. Alilala, hakuamka.» Niliweka kalamu chini. Wasomaji wangu wa zamani hawakuwahi kumwona mama huyo, lakini waliwahi kusoma juu ya samaki wake hapa hapa gazetini, katika makala niliyoiandika kwa kejeli, ambayo naionea aibu mpaka leo. Kwa hiyo makala ya leo ni deni la heshima, na nitaiandika kwa kichwa kilichoinuka, kwa sababu nilimjua mtu ambaye kila mji ungejivunia kuwa naye.

Kejeli yenyewe ilikuwa hivi. Mfanyabiashara mmoja kutoka Uvira alifungua nyumba ya wageni Nyamugari, na pale mapokezi akaweka tangi la kioo lenye samaki saba wa baharini, wa rangi ambazo sisi watu wa milimani tumezoea kuziona kwenye vitenge tu. Chumvi ya maji yao ilikuja kwa lori kutoka Dar es Salaam, imefungwa kwenye mifuko. Nami nikaandika kwamba mji wetu, ambao mabomba yake hukauka wiki nzima, sasa unaogesha samaki. Watu walicheka, nikafurahi. Sikujua kwamba kazi ya kuwatunza samaki wale ndiyo iliyokuwa paa la mwanamke mmoja. Alizaliwa Buhinyuza, kule Muyinga, akavushwa mpaka wa nchi mgongoni mwa mama yake wakati wa vita, akakulia Tanzania, na ukubwani akafanya kazi miaka mingi katika duka la samaki wa mapambo huko Dar. Amani iliporudi, naye alirudi. Alikuta mashamba ya baba yake yanalimwa na familia nyingine, iliyokuwa imeishi pale tangu wao walipokimbia. Hakuwa na pa kulala. Mfanyabiashara yule akampa tangi alitunze na chumba nyuma ya jiko, na ulimwengu wake wote ukawa hapo.

Wiki moja baada ya makala ile, alisimama kwenye mlango wa chumba cha walimu, kanga begani, akauliza ni nani anayeandika gazetini. Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi.

«Shikamoo, Mwalimu. Nimekusoma. Unaandika vizuri, ila umeandika juu ya kitu ambacho hujakitia mkono. Njoo Jumatano, ndiyo siku yangu ya kusafisha.»

Nilikwenda, nusu kwa aibu, nusu kwa udadisi. Kumbe tangi lile zuri la mapokezi ni sura tu. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi la pili ambalo mgeni halioni. Maji ya juu yanashuka humo na uchafu wote wa samaki, yanapita kwenye sponji, yanapita kwenye mawe ya baharini yenye vitundu, kisha pampu inayarudisha juu yakiwa safi. Tope linabaki chini, jeusi, na harufu yake naweza kuikumbuka hata sasa. Alizima pampu, akasubiri maji yatulie, akanipa mpira mwembamba na ndoo, akanionyesha jinsi ya kulivuta tope polepole bila kulitibua. Nilipotaka kupeleka sponji bombani alinishika mkono. Sponji ilisuuzwa ndani ya ndoo, kwa maji yale yale ya chumvi tuliyoyatoa. Nami, kama mtoto wa kinamama wa Kirundi wanaofagia ua mpaka udongo unang'aa, nilitaka nimalize kila kitu. Akauondoa mpira mkononi mwangu.

«Basi, Mwalimu, inatosha.»

«Mbona nusu ya tope bado ipo?»

«Hiyo ni ya wiki ijayo. Humu kwenye mawe na tope kuna viumbe vidogo, macho hayavioni. Ndivyo vinavyokula sumu ya samaki. Ukivitoa vyote leo, kesho samaki watakufa ndani ya maji meupe pe.»

Nilitoka pale nikinuka, na tangu siku ile tukawa marafiki. Sikuwahi kumwomba radhi kwa makala ile. Nilidhani kazi ya Jumatano ilitosha, na nadhani hata yeye alidhani hivyo, maana alikuwa akinicheka kila akiniona na suruali iliyopigwa pasi.

Sasa niwaambieni habari ya Jumamosi moja, kwa sababu ndiyo inayonifanya niandike. Mama Samaki alikuwa amekwenda Buhinyuza siku ya Ijumaa kusikilizwa mbele ya wazee kuhusu mashamba ya baba yake. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa anangoja watu wa harusi, na aliona kabati lile linatoa harufu. Mnajua Jumamosi asubuhi kwetu ni ya nini: kila mtu yuko nje na jembe au fagio kwa kazi za jamii, na mikono ikishapata moto haichagui. Akawaambia wafanyakazi wake, wakirudi kutoka barabarani, wasafishe na tangi. Mpishi na dobi waliingia kazini kwa moyo wote. Walitoa tope lote. Walisugua mawe kwa brashi na sabuni ya unga mpaka yakawa meupe kama meno. Wakajaza maji ya bomba. Halafu mpishi, akikumbuka kwamba bahari ina chumvi, akaleta ya jikoni, akawa anatia na kuonja kwa kijiko, anatia na kuonja, mpaka aliporidhika. Wakawasha pampu.

Mama yule alikuwa ndani ya basi, limesimamishwa njiani kama magari mengine yote mpaka kazi za jamii ziishe. Alifika alasiri, akakuta povu juu ya tangi na samaki watatu wamegeuka matumbo juu. Mimi nilikuwa pale kwa chai tu. Sikuwahi kumwona mtu akikimbia bila kupiga kelele. Alizima pampu, akachukua kile kitangi kidogo alichokiweka nyuma ya jiko kwa ajili ya samaki wagonjwa, ambacho kilikuwa na mawe machache ya zamani, mabaya, yenye utando wake wote, ambayo kwa bahati hakuna aliyeyaona ili ayasugue. Samaki wanne waliobaki aliwahamishia humo mmoja mmoja. Kisha akaketi sakafuni, kanga imelowa, akamwita mpishi.

«Chumvi ulipimaje, baba?»

«Nilionja, mama. Nilitia mpaka ikakuwa bien.»

«Uliwahi kufika baharini?»

«Hapana, mama, mi sijafika. Lakini chumvi ya mboga ya sombe, nayo naijuwa.»

Mungu anisamehe, nilicheka. Yeye pia alicheka, machozi yakimtoka, na sijui hadi leo yalikuwa machozi ya nini. Kicheko kiliishia hapo, kwa sababu mwenye nyumba aliingia.

«Alors, nani aliwatuma mutie sabuni? Mi nilisema musafishe, sikusema muuwe! Nyinyi wawili, kesho sitaki kuwaona hapa.»

Mpishi aliangalia kijiko chake. Ndipo yule mama akasimama. Kumbukeni hali yake: shauri la Buhinyuza lilikuwa halijaamuliwa, na kama angefukuzwa asingekuwa na ukuta wa kuegemea, si Muyinga wala Gitega. Angeweza kunyamaza, na samaki wake watatu waliokufa wangemtetea wenyewe.

«Bosi, kosa ni langu,» alisema. «Nimefanya kazi hii peke yangu kama siri, sikumfundisha mtu. Ukiwafukuza hawa, nitatoka nao. Ukiwaacha, kila Jumatano watasafisha na mimi, mpaka wajue.»

Yule bwana alizunguka mapokezi mara mbili, akatazama tangi tupu, akatazama wageni wa harusi waliokuwa wanaanza kuteremka kwenye magari. «Bon,» akasema mwishowe, «lakini hao wanne wakikufa, mutaondoka wote watatu.» Hawakufa. Yale mawe mabaya ya nyuma ya jiko ndiyo yaliyoanzisha upya uhai wa tangi lote, pole pole, kwa miezi. Na kila Jumatano wanaume wawili wazima walikuwa wanapiga magoti mbele ya kabati, wakijifunza kuacha nusu.

Nimefikiri sana juu ya kuacha nusu. Shauri lake la mashamba lilipoamuliwa, wazee walimpa haki yote. Angeweza kuitoa ile familia siku hiyo hiyo, na wapo waliomshauri hivyo. Alinisimulia kwamba alimtazama mama wa nyumba ile na watoto wake, akakumbuka kurudi kwake mwenyewe, sufuria kichwani. Akachukua kwanza upande wa migomba. Upande wa bondeni akawaachia wavune, wapate kwingine, warudishe kipande kwa kipande. Ilichukua misimu kadhaa. Kulikuwa na maneno, kulikuwa na mpaka uliosogezwa na kurudishwa. Lakini hakuna aliyekatwa panga, na katika wilaya ile si jambo dogo. Nilipomuuliza kama haikumuuma, alinijibu kwamba ilimuuma sana, na akabadilisha mazungumzo.

Tulimzika Buhinyuza, Jumatano. Aliyeshika jembe la kwanza kaburini alikuwa baba wa familia ile ile, na aliyewapikia waombolezaji alikuwa mke wake. Tulipokuwa tunanawa mikono baada ya mazishi, kama ilivyo desturi yetu, nilitazama huku na huku nikaona mpishi yupo, bosi yupo, ila dobi hayupo. Nilikasirika, nami nikikasirika sifichi. Mwanamke alimwokolea kazi, naye hakuja hata kumtupia udongo! Nilimvuta mpishi pembeni nikamwambia hivyo.

«Mwalimu, usimkasirikie. Leo iko siku ya tangi. Mi nilitaka kubaki, tukabishana asubuhi yote. Akaniambia: we uende umuzike, mi nibaki na kazi yake.»

Nilipofika Gitega sikwenda nyumbani, nilipita Nyamugari. Dobi alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, mikono ya shati imekunjwa, macho mekundu, sponji ndani ya ndoo ya maji ya chumvi. Juu yake samaki wanazunguka, wanne wa zamani na wadogo wawili walioletwa baadaye. Nilichungulia. Chini bado kulikuwa na tope.

«Mbona hujamaliza?» nilimuuliza, ingawa jibu nililijua.

«Hiyo ingine ni ya wiki ijayo, Mwalimu.»

Kwa miaka mingi nimeandika katika ukurasa huu kuhusu wakimbizi waliorudi: wanadai nini, wapewe nini, wakae wapi. Leo nakiri kwamba sikuwahi kuuliza wametuletea nini. Huyu mmoja alituletea bahari, akatufundisha kuitunza, na jana niliikuta bado hai mikononi mwa mtu ambaye siku moja aliisugua kwa sabuni. Nilivua koti, nikakunja mikono, nikamshikia ndoo.