Hewa Safi kwa Kijiko

Faina Yegorovna Shumilova alikuwa muuguzi wa chekechea ya Rudozersk, mji wa kaskazini kabisa mwa Urusi, na mimi nilikuwa mpishi. Mfupi, mnene, ulimi kama wembe. Majira ya baridi kila asubuhi alisimama mlangoni akikagua watoto mmoja mmoja: soksi mbili, viatu vya sufi, skafu hadi puani, mafuta ya bata-bukini mashavuni. Baridi tuliiweza. Baridi ni adui muungwana, unamwona akija, unavaa.

Tulichoshindwa ni tanuru za kiwanda cha nikeli ng'ambo ya ziwa. Upepo ukigeuka wa kusini, moshi wa salfa ulitushukia, mdomo ukawa na ladha ya sarafu, na watoto wakaanza kukohoa kama mbuzi.

Faina aliandika yote daftarini: tarehe, upepo, nani kakohoa. Miaka sita. Kisha akawapelekea wakubwa wa kiwanda ombi moja tu: moshi ukielekea mjini, watupigie simu, tusiwatoe watoto nje.

Wakubwa hawakujibu barua. Walituletea mashine. Ilichukua sharubati ya matunda, ikaipuliza oksijeni ya mtungi mpaka ikafura povu, na kila mtoto akapewa glasi yake na kijiko. Eti kulinda afya ya mtu wa kaskazini! Uchafue hewa ya mji mzima, halafu umgawie mtoto hewa safi kwa kijiko. Na watu waliobuni hayo walikuwa na shahada, tena zimewekewa fremu.

Mwezi wa pili ikaja tume kutoka Moscow kuikagua mashine hiyo. Kiongozi wake alikuwa Profesa Velyaminov, bwana wa kofia ya manyoya. Alitembezwa na Bychenko, naibu mkurugenzi wa kiwanda, ambaye siku tatu kabla alikuwa ameamuru tanuru zizimwe. Hewa ikatakata hata tukaiona milima ambayo watoto hawakujua kama ipo.

Profesa akavuta pumzi uani kwetu. "Aa! Hewa ya kuwaletea wagonjwa wapone!"

"Ndugu profesa," Faina akasema, "tanuru zimezimwa kwa ajili yenu. Kaeni wiki moja hivi mjionee."

Bychenko akacheka. "Msamehe, profesa. Faina Yegorovna umri umemwendea, mishipa imechoka."

"Mishipa yangu haijambo, ndugu Bychenko. Wewe ndiye uliyechoka, kuficha moshi si kazi ndogo."

Akamkabidhi profesa daftari. Yule bwana akalipapasa kama mtu anayempapasa paka wa mwenyeji, akalirudisha. "Mama, daftari si sayansi."

Kesho yake ndege ilikuwa iwachukue. Badala yake ikaja tufani ya theluji, siku nne mfululizo, huoni mkono wako. Tume ikafungiwa hotelini na konyaki yao. Huko kiwandani, lengo la mwezi halingojei wageni: siku ya pili tu tanuru zikawashwa. Tufani ilipokwisha, upepo ukafa kabisa, baridi ikashuka nyuzi arobaini chini ya sifuri, na moshi, usiokuwa na pa kwenda, ukalala juu yetu kama blanketi.

Sisi tuliwafungia watoto ndani. Profesa alitoka hotelini kuja kupiga picha ya watoto na mapovu yao. Ni hatua mia mbili. Aliingia ameshika ukuta, macho yanabubujika, anakohoa hata kofia ikaanguka.

Faina akamkalisha kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni. "Dusya," akaniita, "mletee mgeni povu."

Nikaleta. Profesa akaisukuma glasi. "Hewa, mama... nipe hewa..."

"Hiyo hapo. Tumia kijiko."

Nilicheka, sikatai. Lakini Faina hakuwa katili. Alichemsha maji, akatia magadi, akamfunika taulo kichwani, akamshika bega mpaka kifua kikafunguka. Kisha akaketi akaandika. Profesa alipofunua uso aliliona jina lake: Velyaminov, miaka hamsini na minane, kikohozi, chini kidogo ya Lyonya wa miaka minne.

"Umeniandika mimi?"

"Nimewaandika wote. Lyonya hajawahi kuniambia kuwa si sayansi."

Aliomba daftari, akalisoma hapo hapo mpaka mchana, akaacha chai ipoe.

Mngedhani aliporudi Moscow alinguruma. Thubutu! Ripoti ilisifu povu kurasa thelathini, ikapendekeza mashine nyingine kumi. Ila ukurasa wa mwisho, mahali ambapo hata Bychenko hakufika kusoma, palikuwa na sentensi moja: zamu ya tanuru iipigie chekechea simu kabla moshi haujashuka. Ilikuwa na sahihi na mhuri, kwa hiyo ikawa amri. Ujasiri wa profesa mzima ulitosha sentensi moja.

Waliposahau kupiga, Faina aliwapigia yeye, akawatukana hadi mababu. Kikohozi hakikwisha, kilipungua.

Bychenko alipewa nishani ya ulinzi wa afya. Mwaka uliofuata aliomba uhamisho kwenda kusini, kwenye mashamba ya matofaa. Kwenye fomu, penye sababu, aliandika: mapafu ya mke wangu.