Mtu Aliyekaa na Longinus

Kezia si mtu wa huku. Kwao ni Singida, baba yake alikuwa mwinjilisti wa kanisa, na serikali ilimleta Kibondo kuwa afisa ustawi wa jamii akiwa bado msichana. Mimi Adija nina duka la vitenge sokoni, na nyuma ya nyumba yangu nina vyumba vya kupangisha; akachukua kimoja. Siku ya kwanza nilisema huyu hamalizi mwaka, maana alikuwa mkimya mpaka unakereka. Nilikosea. Alifanya kazi kambi ya wakimbizi ya Mtendeli wakati wote Warundi walipokuwepo, kambi ikafungwa, wenzake wakahama, yeye akabaki na chumba changu. Nampenda yule dada, na nasema mapema, kwa sababu hapa mjini wamemsema sana.

Mwaka juzi akaitwa Kasulu kwenye mafunzo. Walikusanywa walimu, wauguzi na maafisa kama yeye, wafundishwe kuwa makocha. Nikamuuliza, kocha wa timu gani? Akacheka, jambo ambalo kwake si la kila siku. Akaniambia ni kocha wa watu wenye ADHD, watu wazima ambao akili yao haitulii mahali pamoja: anaanza hili, anarukia lile, anatafuta nyundo na nyundo anayo mkononi. Nikasema basi nusu ya Kibondo ni wagonjwa. Hapo akakasirika. Akasema hilo si jambo la kuchekwa, na wala si uvivu. Kwao alikuwa na kaka wa namna hiyo, baba yao akawa anamchapa mpaka akatoroka, na hadi leo hajulikani alipo. Nikaacha utani.

Katika yote waliyofundishwa, moja lilimkaa moyoni. Kuna mtu hawezi kumaliza kazi akiwa peke yake, lakini akikaa pembeni yake mtu mtulivu, asiyemsemesha wala kumkosoa, mikono yake inatulia. Kocha anakaa tu. Hasemi, hashiki simu, na mkufunzi alisisitiza asile wala asinywe kitu kwa mteja, mwenyeji asije akaacha kazi yake akaanza kuhangaika na mgeni. Walifanya mazoezi wawili wawili pale ukumbini, na Kezia akawashinda wote. Kwa kukaa kimya, nani angemweza?

Mteja wake wa kwanza alikuwa Longinus, fundi seremala, anayekaa na mama yake mlimani, nje kidogo ya mji ukielekea Kasulu. Ukimwagiza kitanda, unaletewa habari za kitanda. Uwanja wake ulijaa viti vya miguu mitatu na makabati yasiyo na milango. Mtu wa maneno, wa vicheko, akipita sokoni anaingia kila duka, anakuachia utani mmoja, ameshaondoka. Tulikuwa tunampenda, na tulikuwa tunamtukana vilevile.

Ila lilikuwepo jambo asilolitania. Baba yake alipofariki, Longinus alisema jeneza atalitengeneza mwenyewe, watu wasiende kununua. Akakata mbao, akapiga randa, akakumbuka misumari, akaenda mjini kuitafuta, huko akakutana na mtu mwenye pikipiki mbovu, akakaa kuifungua. Waombolezaji walingoja mpaka wakachoka. Mzee akazikwa kwa mkeka. Mama yake, Bi Ernesta, hakumgombeza hata neno moja. Aliacha tu kumtaja mzee mbele yake. Lile jeneza likabaki limeegemezwa ukutani kwenye karakana, halina mfuniko. Longinus alimwambia Kezia wazi kwamba hataki kingine chochote kwenye hayo mafunzo. Anataka mama yake amsamehe. Wakakubaliana waanze na kazi iliyolala kuliko zote, na mnaijua ni ipi.

Basi Kezia akawa anakwenda mchana akitoka ofisini. Anaingia, anakaa kwenye kigoda kando ya mlango. Bi Ernesta anamletea maharage, anakataa kwa adabu, mkono kifuani. Anamletea maji, anakataa. Longinus anafanya kazi.

Siku moja nilipita na mwamvuli wa Kezia, maana mvua ilikuwa inatishia. Nilisikia randa tu. Longinus ninayemjua mimi hapigi randa bila kupiga soga. Nikamwamkia, akaniitikia kwa kichwa, akaendelea. Uani kwa mama yake walikaa wanawake wa jirani juu ya mikeka, hawasukani, hawachambui maharage, hawasengenyi mtu. Walikuwa wamekaa tu. Mchana kweupe, kuku wanaparua, na mimi nywele zikanisimama. Nikampa Kezia mwamvuli wake nikaondoka haraka, na njiani nikajicheka.

Wakati jeneza linakaribia kwisha, Longinus mwenyewe alinilalamikia dukani. Alisema pale bombani watu hawamwamkii. Anasalimia, wanaangalia maji. Jirani yake alimtuma mtoto kurudisha msumeno, mtoto akauweka chini mbele yake, akarudi kinyumenyume. Akaniuliza amemkosea nani. Nikamwambia wamezoea kelele zako, leo umetulia, wanakuogopa. Nilimwambia hivyo kwa utani, na alitabasamu kidogo, akanunua misumari duka la pili akaenda zake.

Alikuwa hajafika mbali alipoingia Pasikali, jirani yao, mzee mstaarabu, akaomba kitambaa cheusi cha mke wake. Nikamuuliza msiba wa nani. Akasema wa Longinus.

Nilimshika mkono nikamtoa barazani, nikamwonyesha Longinus akivuka barabara na misumari yake. "Si yule pale? Unamwona?"

"Tunamwona," Pasikali akasema. "Na sisi tunamwona."

Nikamwambia wallahi sielewi. Ndipo akanieleza, kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mgeni. Kule mlimani kwao, mtu akiingia nyumbani kwa watu, akakaa kimya kando ya mlango, akakataa chakula, akakataa hata maji, huyo anakaa msiba, na anayekaliwa ni yule aliyeelekewa, hata kama bado anatembea. Bi Ernesta alipomwona yule mama wa serikali anafanya hivyo mara ya kwanza, alishtuka; Kezia aliporudia, akaelewa. Halafu mwanawe akashika jeneza, yeye asiyemaliza kitu, na akawa analimaliza. Majirani wakamhurumia mama wa watu, wakaja kukaa naye.

Jioni nilimwambia Kezia. Hakulia. Alichukua simu akampigia mkufunzi wa Kasulu. Mkufunzi akasema jambo hilo halimo kwenye mafunzo, na kwamba pengine asiende tena pale. Kezia alikata simu. Nilimsikia akisema peke yake kwamba mmoja ameshapotea, wa pili hapana.

Kesho yake alikwenda kuwaomba radhi wazee wa ukoo, na mimi nilimsindikiza, kwa sababu nilikuwa nimeudhika na nilitaka kuwaambia mtu mzima hazikwi kwa kukaliwa kimya. Sikupata nafasi. Walimsikiliza mpaka mwisho, wakamjibu kwamba wamemwelewa, hana baya. Lakini msiba ukishakaliwa haufutiki. Unaanuliwa. Jeneza lifukiwe, chakula kipikwe, matanga yaanuliwe, na yeye aliyeufungua ale mbele za watu.

Longinus alikubali. Alisema kama hiyo ndiyo njia ya kumrudisha kwa mama yake, na iwe.

Lile jeneza lilifukiwa tupu kando ya kaburi la mzee. Kazi safi, mfuniko umekaa sawasawa, hata mimi nisiyejua useremala niliupapasa. Wanaume wanne walilibeba, na Longinus mwenyewe alishika pembe ya nyuma. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemtazama. Nilikuwa namwangalia yeye tu, anavyokanyaga taratibu, na nikaona vibaya moyoni, nikatamani apige hata utani mmoja wa kijinga.

Tulirudi, tukanawa, tukala ugali wa muhogo na maharage. Kezia alikula sahani nzima. Siku hizi anakunywa chai kwa kila mteja, mkufunzi apende asipende. Basi watu walipomaliza kula, Pasikali akamgeukia Longinus akamwambia habari za siku nyingi, na wengine wakafuata, mmoja akamdai kitanda chake, tukacheka wote. Nikashusha pumzi. Nikadhani yamekwisha.

Bi Ernesta alikuja na sufuria. Akampa Longinus sahani kwa mikono miwili, akainama kidogo, kama anavyopewa mtu mara ya kwanza anapoingia nyumbani.

"Karibu, mgeni."

"Mama, ni mimi."

Alimtazama kwa huruma, asibishane naye. Kisha akakaa karibu na Kezia, akamshika goti. "Wewe ndiye uliyekaa naye mpaka mwisho. Aliacha neno?"

Kezia alimtazama Longinus. Longinus aliinamisha kichwa, halafu akamkubalia kwa ishara aseme.

"Alisema anaomba umsamehe," Kezia akasema. "Kwa habari ya mzee."

Bi Ernesta alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nilimsamehe siku ileile," akasema. "Kila nilipotaka kumwambia, alikuwa ameshainuka."

Kisha akamgeukia mwanawe, akamwongezea maharage, akamuuliza kama mama yake huko kwao bado yu hai. Longinus akasema yupo.