Ganzi Niliyoificha

Mama aliujua unene wa chungu kwa vidole viwili. Kimoja ndani, kimoja nje, udongo katikati, na macho yake yako barabarani yakingoja mteja asimamishe gari. Tulikaa Ilesi, ambako akina mama wafinyanzi hupanga vyungu kando ya lami, nami nilikua nikidhani kila mama duniani ana udongo chini ya kucha. Udongo wenyewe ulitoka bondeni, sisi watoto tukaukanyaga hadi ulainike, yeye akauchanganya na vigae vilivyotwangwa. Gunzi la mahindi lilikuwa la kusawazishia. Na kwa kuwa mfinyanzi hulia gaeni, vyungu vizuri vyote viliuzwa, sisi tukapikiwa mboga ya mrenda katika kile kilichopinda mdomo. Nikinung'unika, mama aliniambia mrenda hauangalii mdomo wa chungu.

Ninazikumbuka siku hizo kwa furaha ambayo sikuwa nayo zilipokuwepo. Wakati ule nilizionea haya. Nilisoma kwa hasira ili nitoke kwenye udongo, nikawa mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya Lurambi, nikapanga nyumba Shieywe, nikajaza jikoni sufuria na ndoo za plastiki. Mama akija kunitembelea alikunywa maji yangu, akakunja uso. "Mwalimu, hata maji yako iko na harufu ya duka," alisema.

Kisha akaota uvimbe kwenye titi. Aliuficha miezi kadhaa chini ya leso, mpaka siku niliyomwona akibeba udongo kwa mkono mmoja tu. Tulipofika hospitali, saratani ilikuwa imeshatambaa hadi kwapani. Nilimfokea pale pale kwenye foleni, mbele za watu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nikiogopa ndiyo nazidi kugomba. Mama akaniambia nipunguze sauti, hapa kuna wagonjwa.

Alifanyiwa upasuaji, halafu akaandikiwa dawa ya kutiwa kwa dripu, dozi kadhaa, kila moja baada ya wiki tatu. Kabla ya dozi ya kwanza, muuguzi aliposikia kwamba nafundisha baiolojia, alinigeukia akanieleza yote kwa Kiingereza cha haraka. Nywele zitaanguka. Atatapika. Atachoka. Na vidole vya mikono na miguu vinaweza kufa ganzi, ganzi ambayo kwa wengine haiondoki. Akamaliza kwa kuniomba nimfafanulie mama.

"Sista anasema nini?" mama akaniuliza.

Nikamwambia habari ya nywele, ya kutapika na ya uchovu. Nikaishia hapo.

Sikusahau. Niliruka makusudi. Nilimjua mama: akisikia vidole, angeinuka kitini, afunge leso yake na kurudi Ilesi. Niliona heri mama aliye hai bila vidole kuliko vidole vilivyo kaburini, nikachagua kwa niaba yake bila kumwuliza.

Jioni ile, jikoni kwangu, aliniuliza hiyo dawa inafanya nini mwilini. Hapo nilikuwa kwenye uwanja wangu. Nilimwambia kila seli ina kiunzi ndani yake, vinyuzi vyembamba vinavyoishikilia isianguke. Si kama mifupa yetu, ambayo imekaa tu. Vinyuzi hivi hujengwa na kubomolewa mchana kutwa. Seli ikitaka kugawanyika, huvitandika ili vivute urithi wake pande mbili, kila mtoto apate sawa. Na seli ya saratani ikitaka kuhama, hujenga vinyuzi upande wa mbele, vikasukuma ngozi yake, ikatambaa. Ndivyo ilivyotoka kwenye titi ikaenda kwapani. Dawa huvikamata vinyuzi visibomoke tena, basi seli inakwama katikati ya kugawanyika, inakufa. Nilichanganya aina mbili za vinyuzi katika maelezo hayo, kosa ambalo mwanafunzi wangu angekatwa alama kwalo.

Mama alitafakari. "Kwa hivyo inakauka kabla haijamaliza kufinyangwa," alisema.

Nilimwambia anaweza kufundisha kidato cha pili. Tulicheka mpaka akashika mshono wake. Katika miaka yangu yote, jioni hiyo ndiyo ninayoitamani irudi kuliko nyingine yoyote, ingawa hata nilipokuwa nikicheka nilijua nusu ya somo nimeikalia. Neva inayofika kwenye ncha ya kidole ni seli ndefu mno, na chakula chake husafirishwa juu ya vinyuzi vile vile. Dawa haijui kinyuzi kipi ni cha mwizi na kipi ni cha mfinyanzi.

Baada ya dozi ya tatu mama alirudi Ilesi kupumzika. Jumamosi moja nikaenda kumwona, nikamkuta nyuma ya nyumba na vyungu vitatu vibichi mbele yake. Vilikuwa vinene upande huu na vyembamba upande ule. Kimoja kilikuwa na tundu, alikuwa amekitoboa kwa kidole gumba na hakusikia. Mkononi alishika mwiba.

"Nimekuwanga nikijidunga," alisema bila kunitazama. "Sisikii kitu. Ile kansa imefika mikononi, si ndiyo? Sikutaka kukwambia. Nimekuwanga nikijiandaa."

Kumbe kwa wiki nzima mama alikuwa amejikalia peke yake akingoja kufa, kwa ajili ya sentensi moja niliyoimeza.

"Hapana, mama. Si kansa. Ni dawa ndiyo inafanya hivyo."

"Nani amesema?"

"Sista. Siku ile ya kwanza."

Akaweka mwiba chini. Alijipangusa mikono kwa nyasi, polepole, kidole kimoja baada ya kingine.

"Niliogopa utakataa," nilisema. Nilikuwa nalia, na mimi si mtu wa kulia.

"Kukataa nini? Mimi si mjinga, mtu anachaguanga kuishi. Ningekubali." Alikitazama kile chungu chenye tundu. "Lakini ningeomba kwanza wiki moja. Nifinyange chungu chako cha maji. Nilikuwanga nakiahirisha, nasema wacha mwalimu aache maringo yake kwanza. Ungeniambia, ningekifinyanga."

Juma lililofuata tulirudi hospitalini, nikamtafsiria kila neno, hata yale ambayo hakuyauliza. Daktari alipunguza kipimo cha dawa, mama akakubali kumaliza dozi zilizobaki. Ni miaka sasa. Yu hai, anakula, anagombana na kuku wa jirani, na kila asubuhi ninamshukuru Mungu. Vidole havikurudi. Alinifinyangia kile chungu kwa kukisia unene, mara mbili, na mara mbili kilipasukia motoni. Baada ya hapo alimpa jirani udongo uliobaki.